Boljointi ya chini ya Altezza RS200 imechomoka: nifufue, nichukue mtumba wa Japani, mpya ya dukani au niagize orijino?

BintiKigamboni

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni mnisaidie kuchagua, maana gari liko juu ya stendi na kila fundi anayepita ana lake.

Nina Altezza RS200 ya 1999, SXE10, injini 3S-GE, gia sita za mkono. Nimelitafuta hili gari miaka minne na nimekaa nalo mwaka na nusu. Jumanne iliyopita nimetoka kazini Kurasini, nikakunja kuingia sheli, mwendo wa mtu anayetembea. Nikasikia mlio mmoja, kaa! kama nyundo imegonga sufuria. Usukani ukanikatalia na pua ya gari ikashuka upande wa kushoto. Kushuka nakuta tairi limelala nje, limebana kwenye matigadi, na mkono wa chini, kile chuma kinachounganisha bodi na tairi, umegusa sakafu. Tairodi, ile fimbo ya usukani, ndiyo iliyokuwa imebaki imeshikilia, nayo imepinda kama ndoana. Waya wa sensa ya ABS umekatika. Bomba la breki limevutika lakini halikupasuka.

Dakika kumi baadaye ningekuwa juu ya Daraja la Nyerere na magari mbele na nyuma. Nikikumbuka hilo mikono inatetemeka mpaka leo.

Kilichochomoka ni boljointi ya chini, kile kiungo cha pini na kikombe kinachounganisha mkono wa chini na habu ya tairi. Pini imebaki kwenye mkono, kikombe kimebaki upande wa habu. Nimeulizia na haya ndiyo niliyoambiwa. Kuna fundi wa mtaani anasema atairudisha pini kwenye kikombe, ajaze plastiki mpya na kuchomelea kizibo, 30,000 na jioni naondoka. Kuna muuza spea Ilala ana boljointi mtumba iliyotolewa kwenye kichwa cha gari kilichokatwa Japani, 90,000. Kariakoo nimepata mpya, boksi la 555, chapa ya Kijapani, 85,000 kwa moja. Na orijino ya Toyota ni ya kuagiza, 310,000 kwa moja, wiki tatu hadi nne.

Pesa ya orijino ninayo nikijibana. Ninachotaka kujua ni kama kweli inastahili, au nalipia jina. Walioshika hizi gari naomba mnijibu.

Fundi_Tandika

Pole sana dada, na ashukuriwe Mungu umetoka mzima. Mimi ni fundi wa miguu na usukani, Altezza na Mark II ndizo zinanilisha.

Usinunue kitu kwanza. Fanya mambo mawili. La kwanza, kigeuze kile kikombe kilichobaki kwenye habu, ukifute grisi kwa petroli, uangalie upande wa kizibo. La pili, itoe ile pini kwenye mkono kwa pula, kifaa cha kuvutia, usiigonge kwa nyundo, halafu ufute tundu lake na uangalie ndani kwa tochi. Tupe majibu hapa.

Kuhusu kufufua, niseme kwa sauti ya juu: kwenye gari hili, hapana. Nieleze kwa nini, maana watu wanadhani boljointi zote ni sawa. Altezza ina mikono miwili kila upande mbele, wa juu na wa chini. Shokapu na springi vimekaa kwenye mkono wa chini. Kwa hiyo uzito wa pua yote unashuka kwenye springi, unaingia mkono wa chini, unapita kwenye boljointi ya chini, ndipo unafika kwenye tairi. Ya juu kazi yake ni kuelekeza tu. Ya juu ikilegea utasikia kelele na tairi litakula upande. Ya chini ikiachia, hakuna kingine kilichobaki kushika. Umeona mwenyewe.

Halafu kuna jambo lingine la gari hili. Boljointi yake ya chini si kile kikombe kidogo cha kupachika kwa presi ulichozoea kwenye magari mengine. Imeungana na kamkono kanakoshika tairodi endi, kipande kimoja, kinafungwa kwenye habu kwa bolti. Ndiyo maana ya kushoto haiingii kulia. Na ndiyo maana ikiachia unapoteza usukani papo hapo.

Anayechomelea kizibo anafanya nini? Anapeleka moto wa welding sentimita moja kutoka kwenye plastiki na grisi alizoweka dakika tano zilizopita. Plastiki inalainika, grisi inaungua, anakukabidhi kitu kigumu mkononi ambacho hakichezi siku ya kwanza. Baada ya miezi kadhaa kinaanza.

Mzee_wa_Beams

Dada pole. Mimi nina RS200 tangu 2014, niko Arusha, na naomba nitetee mtumba wa Japani kidogo kabla haujatukanwa.

Japani gari linakaguliwa na serikali kila miaka miwili, wanaita shaken, na raba ya boljointi iliyopasuka hairuhusiwi kupita. Barabara zao ni laini. Kwa hiyo boljointi iliyotoka kwenye gari lililokatwa kule mara nyingi ni orijino ya kiwandani na haijawahi kuona tuta la Kimara. Nimefunga moja mwaka 2019 upande wa kulia, mpaka leo ipo na nimeenda nayo Dodoma na Mwanza. Bora orijino iliyotumika kuliko mpya usiyojua imetengenezewa wapi.

Cha kufanya, ishike pini kwa mkono uizungushe. Iwe nzito, iende bila kukwaruza. Ibonyeze raba uone kama ina nyufa. Ukiridhika, chukua.

Kirinyaga_RS

Pole sana dada. Nairobi hapa.

Mzee wa Beams nakuheshimu lakini hesabu yako ina shida moja. Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani 2005. Hata ukipata mtumba safi namna gani, grisi na raba zake zina miaka ishirini. Huku Kenya tunalijua hilo vizuri kwa sababu sheria yetu ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane ilifunga mlango wa Altezza kuingia tangu 2013 hivi, kwa hivyo zilizoko ndizo hizo tunazitunza, na tumejifunza kwa uchungu. Raba inaonekana nzima ukiwa dukani. Ukiifunga na ianze kukunja na kukunjuka, inapasuka kwenye mkunjo. Maji yanaingia, na maji yakishaingia hiyo pini inaota kutu ndani ambako huoni.

Mimi nilifunga 555 mpya pande zote mbili na niko na mwaka wa tatu. Hizo hutengenezwa Japani na ni nzuri. Tatizo ni feki. Barabara ya Kirinyaga unaweza kuonyeshwa boksi tatu za 555 kwa maduka matatu, bei tatu, na moja tu ndiyo ya ukweli. Boksi mimi siliangalii sana, kwa sababu boksi ni karatasi, mtu yeyote anachapisha. Naangalia chuma: namba imegongwa kwenye chuma chenyewe na inasomeka, kingo zimesafishwa, nyuzi za pini hazina makovu, nati yake na pini ya kufungia ziko ndani. Kisha naisukuma pini kwa kidole gumba. Ya ukweli inabishana na wewe, inaenda polepole, sawasawa kila upande. Nilishawahi kupewa moja ikaanguka yenyewe upande kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Nilimrudishia mwenye duka pale pale.

85,000 ya kwenu sijui soko lenu, lakini nunua kwa mtu atakayekuandikia risiti na kukubali kuirudisha.

Kaka_Msafi

Dada mimi ushauri wangu ni tofauti. Uza hilo gari likiwa limetengenezwa, chukua kitu cha karibuni. Gari la 1999 litakuwa linakudai kila mwezi, leo boljointi, kesho bushi, keshokutwa sensa.

Mzee_wa_Beams

Kaka Msafi, amesema amelitafuta miaka minne. Hajauliza auze au asiuze.

BintiKigamboni

Asanteni sana wote. Kaka Msafi nimekuelewa nia yako ni njema, ila siuzi. Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kuendesha gia ya mkono kwenye gari kama hili, na hiyo ndiyo sababu, naomba niishie hapo.

Fundi Tandika, nimefanya ulichosema jana jioni na rafiki yangu mwenye pula. Nimeshtuka.

Kikombe nilipokifuta nimekuta kizibo kina duara la welding. Si la kiwandani, limevimba vimba, na kuna matone madogo ya chuma yamerukia pembeni. Ndani kuna plastiki nyeupe imesagika unga, ukiichota kwa kidole inatoka imechanganyika na mchanga na uchafu mwekundu wa kutu. Grisi hakuna. Kwa hiyo hii boljointi ilishafufuliwa kabla sijanunua gari, na mimi nimeendesha juu yake mwaka na nusu bila kujua. Nimeendesha na mama yangu ndani.

Tundu la mkono nalo si zuri. Upande mmoja kuna ukanda umeng'aa kama shilingi mpya, upande mwingine pana kutu kavu ya rangi ya kahawa. Na pini haikuwa na ile pini ya kufungia nati. Mahali pake palikuwa na kipande cha waya wa kufungia uzio.

Basi la kufufua nimeliondoa mezani mwenyewe. Sasa swali limekuwa kubwa zaidi: huo mkono bado unafaa?

Fundi_Tandika

Dada umefanya kazi nzuri kuliko mafundi wengi ninaowajua.

Huo ukanda unaong'aa maana yake pini ilikuwa inacheza ndani ya tundu. Tundu ni la koni, na pini ni ya koni. Nguvu ya kushika haitoki kwenye nati peke yake, inatoka kwenye koni mbili kubanana mzunguko mzima. Aliyefunga kabla yako hakukaza sawasawa, akaweka waya, nati ikalegea kidogo kidogo, koni ikaanza kulika upande mmoja. Ukifunga boljointi ya dhahabu kwenye tundu hilo, itarudi kucheza.

Unaweza kuhakikisha. Chukua pini ya boljointi mpya, ipake wino wa maka peni mzunguko mzima, iingize kavu kwenye tundu, izungushe robo, itoe. Wino ukiwa umefutika kote sawasawa, tundu ni zima. Ukiwa umefutika upande na kubaki upande, mkono huo ni wa kutupa. Kwa maelezo yako mimi naona wa kutupa.

Na hapa ndipo nitakapokubaliana na Mzee wa Beams nusu. Mkono chukua mtumba. Mkono ni chuma, ukiwa haujapinda, haujaota kutu na tundu lake ni zima, unaumaliza mwili wa gari. Bushi zake, zile raba za kwenye maungio, zinatolewa kwa presi zinawekwa mpya. Boljointi ni kitu kinachochakaa kikiwa ndani, hukioni. Hicho usichukue cha mtu.

Kulia je? Umeangalia kulia?

Coventry_IS200

Salaam kutoka Uingereza. Huku hili gari liliuzwa kwa jina la Lexus IS 200 kuanzia 1999, na mimi ninalo la 2002. Adui yetu ni chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi, inakula kila bolti.

Nimeingia kusema jambo moja kuhusu raba. Huku kila gari lililofikisha miaka mitatu linakaguliwa kila mwaka, MOT. Mkaguzi akikuta raba ya boljointi imechakaa tu, anakuandikia kama kasoro ndogo. Akikuta imepasuka kiasi kwamba haizuii tena uchafu kuingia, gari linafeli, hata kama boljointi yenyewe haichezi hata chembe. Mara ya kwanza nilikasirika, niliona wananionea. Baadaye nikaelewa kwamba raba ikishafunguka, boljointi imeshaanza kufa, muda tu.

Kwa hiyo kwenu ambako hakuna anayekulazimisha, jiwekee mwenyewe. Kila ukibadilisha oili, lala chini na tochi uangalie raba nne: mbili za chini, mbili za juu. Ni dakika tatu.

Na namna ya kupima mchezo, wengi wanakosea. Wanainua gari, wanashika tairi juu na chini wanalitikisa, halichezi, wanasema nzima. Kwa mikono huwezi kuushinda uzito. Weka jeki chini ya mkono wa chini karibu na tairi, inua mpaka tairi liache ardhi kidogo tu, ingiza nondo ndefu chini ya tairi, mmoja anyanyue taratibu na mwingine aweke kidole pale boljointi inapokutana na mkono. Kidole kitahisi mchezo kabla jicho halijaona.

Jahazi_Sharjah

Assalaam alaykum. Mimi mtu wa Unguja, nafanya kazi Sharjah, na kila mwezi napeleka spea nyumbani.

Dada yangu, kuhusu orijino usiogope kuagiza ila usiagize kwa jina la gari. Ukisema "boljointi ya Altezza" utapewa cha Altezza yoyote. Toa namba ya chasisi iliyoko kwenye kibati ndani ya boneti, namba yote pamoja na ile ya modeli. Katalogi ya Toyota inagawa mpaka kwa mwezi gari lilipotoka kiwandani. Namba ya spea ya Toyota ina makundi mawili ya tarakimu tano. Boljointi ya chini ya kulia kundi la mwanzo huwa 43330, ya kushoto 43340. Kundi la pili ndilo linalotofautisha gari na gari, na hapo ndipo watu hupotea. Ukiletewa mbili zote zinaanza 43330, umeletewa za upande mmoja.

Huku soko la mitumba la eneo la viwanda limejaa IS 300 za Kimarekani, ndugu wa damu wa gari lako, kwa hiyo mkono unapatikana. Lakini mimi namuunga mkono Fundi, boljointi mtumba siipeleki kwa mtu. Nilishapeleka wakati naanza biashara, mteja wa Mwanakwerekwe akanirudia baada ya miezi mitano na ile kitu mkononi, haijachomoka ila inalia kama mlango. Nilimlipa. Tangu hapo, mpya peke yake.

Kirinyaga_RS

Fundi Tandika ameuliza swali la kulia na mimi naongeza lingine. Dada, gari lako liko chini? Springi ni zake?

BintiKigamboni

Kulia nimepima kwa njia ya ndugu yetu wa Coventry, rafiki yangu akanyanyua nondo mimi nikaweka kidole. Inacheza. Kidogo sana, lakini nimeihisi, tik, tik. Raba imepasuka upande wa ndani, mahali ambapo ukisimama huwezi kuona. Welding haipo, inaelekea ni ile ile iliyotoka kiwandani.

Kirinyaga, ndiyo, liko chini. Aliyeniuzia aliniambia ni springi za michezo. Baada ya swali lako nimeenda kutazama. Mwisho wa springi umekatwa kwa grainda, bado una makovu ya moto. Zote mbili za mbele.

Fundi_Tandika

Hapo sasa tumefika kwenye mzizi.

Springi ya kukata inafanya mabaya mawili kwenye boljointi. La kwanza, gari likishuka, mkono wa chini unalala kwa pembe ambayo Toyota hawakuikusudia iwe ya kila siku. Pini inakaa imeegemea ukingoni mwa kikombe muda wote, badala ya kukaa katikati na kufika ukingoni mara moja moja. Raba inavutwa upande mmoja saa ishirini na nne. Ndiyo maana imepasukia ndani, pande zote mbili ingepasukia hapo hapo. La pili, safari ya shokapu imekuwa fupi. Kila tuta gari linafika mwisho, linagonga. Ule mgongano unaousikia "dub" hauishii kwenye kiti chako, unapita kwenye pini ile ile.

Mimi sipingi mtu kushusha gari. Kuna springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zina ugumu wake uliopimwa na zinakaa kwenye kiti chake. Springi iliyokatwa ukiinua gari kwa jeki inaning'inia, inaweza hata kutoka kwenye kiti chake na kurudi vibaya.

Kwa hiyo ukibadilisha boljointi bila springi, umenunua muda tu, hata iwe orijino ya laki tatu.

Mzee_wa_Beams

Nakubali. Na nimetoka kupima langu la kulia leo asubuhi baada ya kusoma haya. Halichezi, ila raba ina nyufa mbili ndogo ambazo mwezi uliopita sikuziona. Kirinyaga, hesabu yako ya miaka ishirini imenifikia. Nitaweka mpya kabla sijasafiri tena.

Lakini kwenye springi na shokapu bado nasema mtumba wa Japani ni chaguo zuri dada, seti nzima ya kiwandani ya RS200, mradi shokapu zisiwe zinavuja. Springi haizeeki kama raba. Tafuta iliyotoka gari moja, zote nne.

Dula_Bushi

Mkishafungua huo mkono, bushi wekeni za poliyurethani, hazifi.

Fundi_Tandika

Dula, kwa gari la mashindano sawa. Kwa gari la kwenda kazini kila siku na mama ndani, mimi naweka raba za kawaida. Hizo ngumu zinapeleka mtikisiko wote kwenye bodi, na zisipopakwa grisi yake zinalia. Na zikiwekwa za raba, bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa linaning'inia. Ukikaza hewani, raba inasokotwa ikishushwa na inachanika mapema. Hili hata mafundi wazuri hulisahau.

BintiKigamboni

Nimechelewa kurudi, samahanini. Mwezi mzima nimevuka kwa kivuko cha Magogoni na daladala.

Nimefanya hivi. Boljointi za chini nimeagiza orijino, mbili, kushoto na kulia, kwa namba ya chasisi kupitia kwa ndugu yetu wa Sharjah. Zimefika siku ya ishirini na sita. 555 nilienda kuiangalia tena Kariakoo. Ile niliyoonyeshwa mara ya kwanza niliisukuma kwa kidole kama Kirinyaga alivyosema, ikaenda bila ubishi wowote. Sikuzungumza, nikaiweka mezani nikaondoka. Duka la pili ilikuwa nzito na nzuri, na ningekuwa sina pesa ya orijino ningechukua hiyo bila wasiwasi. Nimechagua orijino kwa sababu ya ile plastiki nyeupe niliyoichota kwa kidole. Nilitaka kitu ambacho sitakifikiria nikiwa darajani.

Mkono wa kushoto nimechukua mtumba Ilala, 110,000, baada ya kupima kwa wino dukani mbele ya muuzaji. Mkono wa kwanza wino ulibaki upande, wa pili ulifutika wote. Muuzaji mwenyewe akaniomba nimwachie ile maka peni. Tairodi na endi yake mpya. Springi na shokapu seti ya kiwandani mtumba, zote nne za gari moja. Waya wa ABS umepatikana, taa imezimika. Matigadi imenyooshwa, rangi bado.

Fundi Tandika alikuja mwenyewe siku ya kufunga, na nimemwona anavyofanya nati: tundu la pini ya kufungia lilipokosa kulingana, hakuilegeza, aliikaza mbele kidogo mpaka likalingana, ndipo akapitisha pini mpya na kuikunja miguu. Alinipa nikunje ya kulia mwenyewe. Bushi alizikaza gari likiwa chini, amelala kwenye kadibodi.

Gari limepanda juu, halivutii macho kama zamani, rafiki zangu wameshasema. Ila kwenye matuta ya Kigamboni ule mgongano umekwisha na usukani unarudi wenyewe katikati.

Kimebaki kimoja. Nimepima alainimenti, tairi zimekaa sawa kwa mbele, lakini mlalo wa tairi la kushoto bado unatofautiana na wa kulia kwa nusu digrii. Fundi anahisi mkono wa juu ulipinda siku ile tairi lilipolala. Jumamosi tunaufungua. Mwenye mkono wa juu wa kushoto wa SXE10 aniambie, na nitakuja na maka peni.

Jahazi_Sharjah

Wa juu boljointi yake imeungana na mkono wenyewe, kwa hiyo huo usichukue mtumba. Nitumie tena namba ya chasisi, ile ya kwanza nimeifuta.